MASHINE MPYA NA KAZI ZETU ZA KAUNTI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi, Bondeni, Nakuru. Imepigwa chapa hapa kwa ajili ya wenzetu waliokuwa zamu siku ile.)

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wanachama, na akina mama wa sokoni mliokuja kutusikiliza ijapokuwa kadi ya chama chetu hamna,

Kamati ya tawi imetuagiza tuseme juu ya mashine. Maana yake ni simu na kompyuta, ni vile vyombo vidogo vya kutolea risiti anavyoshika karani wa ushuru, ni kile kisanduku cha ukutani kinachotaka kidole chako asubuhi kabla hujavua koti. Katika mikutano yetu tumekwisha kusikia maneno ya aina mbili. Wako wenzetu wasemao ya kwamba mashine imekuja kula kazi, basi tuikatae mlangoni. Tena wako wakubwa wasemao ya kwamba mashine itaponya kila ugonjwa: wizi, uvivu, foleni, na hata mashimo ya barabarani. Sisi hatuko na hawa wala wale. Tumefanya kazi za mji na za kaunti miaka mingi, na twajua ya kwamba faili inayopotea kwa sababu wakuu wawili hawasemezani, itapotea vile vile ndani ya kompyuta.

Kwanza tukumbushane tulikotoka, maana vijana wengine waliingia kazini juzi. Nakuru ilitangazwa kuwa mji mdogo mwaka 1904, reli ikiwa imekwisha fika. Ikapata baraza lake, na baraza likajenga nyumba za kupangisha wafanyakazi, nazo ndizo hizi za Bondeni, Kivumbini, Kaloleni na Flamingo ambazo wengi wetu tumezaliwa ndani yake. Kenya nzima ilikuwa na mabaraza 175 ya miji na wilaya. Katiba ya 2010 ikayafuta, na baada ya uchaguzi wa Machi 2013 zikaja serikali 47 za kaunti. Kaunti ya Nakuru ikarithi Munisipali ya Nakuru, Munisipali ya Naivasha, Baraza la Wilaya ya Nakuru na Baraza la Mji wa Molo, pamoja na wauguzi, mabwana shamba na wengine waliotoka serikali kuu. Kila mmoja alikuja na vitabu vyake vya risiti, na ngazi yake ya mshahara, na mtindo wake wa kuandika jina la ploti. Hesabu ya watu ya 2019 ilionyesha wakazi 2,162,202 katika kaunti hii, yenye wadi 55. Tarehe 1 Desemba 2021 Nakuru ikapewa hati ya kuwa jiji, la nne baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu.

Twasema haya kwa sababu ukisikia mtu anasema "tutanunua mtambo mmoja wa kompyuta uunganishe kila kitu", ujue anachotaka kuunganisha ni serikali iliyozaliwa na mama watano. Mabaraza mengine yalikuwa yamekwisha anza kutumia mtambo wa hesabu ulioitwa LAIFOMS. Kaunti zilipokuja zikaambiwa zitumie IFMIS ya Hazina Kuu kwa malipo na hesabu zao, na kwa ukusanyaji wa ushuru zikajitafutia kila moja mtambo wake. Karani aliyejua LAIFOMS akajikuta mgeni katika ofisi yake mwenyewe. Wengi walipewa mafunzo ya siku chache na neno la siri la kufungulia, basi.

Sasa tufuate shilingi moja ya sokoni, tuone inavyosafiri.

Zamani mama alipanga sukuma wiki na nyanya, karani akaja na kitabu, akachana tikiti, akapokea pesa, akaacha kisiki kitabuni. Jioni karani akahesabu visiki na pesa, akapeleka kwa mshika fedha. Mshika fedha akaandika katika daftari. Kesho yake mwingine akapeleka benki, na askari mmoja nyuma yake. Shilingi ile ilipita katika mikono minne au mitano, na kila mkono ulikuwa na nafasi ya kuiangusha. Wazee mnakumbuka pia vile vitabu vya bandia, vilivyopigwa chapa vizuri kuliko vile vya baraza.

Hapa pana sheria ambayo kila mwanachama anayeshika pesa ya umma yafaa aijue kama ajuavyo namba ya kitambulisho chake. Kifungu cha 207 cha Katiba chasema ya kwamba fedha zote zinazokusanywa na kaunti ziingie katika Mfuko wa Mapato ya Kaunti, isipokuwa zile ambazo sheria ya Bunge imezitoa kando, wala hazitolewi humo bila idhini ya Msimamizi wa Bajeti. Basi mkubwa akikuandikia kikaratasi, "toa katika makusanyo ya leo, nunua mafuta ya gari", kikaratasi kile hakitakusaidia siku ya mkaguzi. Kitakuonyesha wewe tu, maana saini ya risiti ni yako.

M-Pesa ilianza mwaka 2007, na polepole ikafika katika ofisi za serikali. Nairobi ilifanya mkataba na kampuni ya JamboPay mwaka 2014, watu walipe maegesho, leseni na kodi za ploti kwa simu. Mkataba ule ukaisha mwaka 2019, baadaye mitambo mingine ikafuata. Kaunti nyingine nazo zikaingia njia hiyo hiyo kwa majina mbalimbali. Mama akilipa kwa simu, shilingi yake inaruka ile mikono minne na kutua katika akaunti dakika ile ile.

Tuseme wazi, maana wengine hapa wanatutazama kwa jicho kali: jambo hili ni jema kwa karani. Karani asiyebeba pesa hanyang'anywi kichochoroni saa moja ya jioni. Hashukiwi na majirani akinunua mabati. Habembelezwi na mkubwa ampe "kidogo cha chai" kutoka mfukoni mwa umma. Wale wanachama wachache wanaoupinga mtambo kwa sababu unawafungia mlango wa pembeni, chama hakiwezi kuwasemea, nao wajue hivyo.

Lakini tazameni yaliyowapata jirani zetu wa Tanzania. Halmashauri zao ziligawa mashine za kielektroniki kwa watoza ushuru. Mashine ilitoa risiti safi yenye saa na tarehe, lakini pesa ilibaki taslimu mkononi mwa mtozaji mpaka aifikishe benki. Mkaguzi Mkuu wa huko, mwaka baada ya mwaka, ameandika katika ripoti zake juu ya fedha zilizokusanywa kwa mashine hizo na zisifike benki. Mashine haikudanganya. Iliandika kila senti. Ila katika ofisi hapakuwa na mtu ambaye kazi yake kila asubuhi ni kuweka karatasi ya mashine kando ya karatasi ya benki na kuuliza, "Hii tofauti iko wapi?" Tangu 2017 wameleta njia ya malipo ya serikali ambayo mlipaji anapewa namba, naye analipa mwenyewe benki au kwa simu. Hapo ndipo mkono wa kati ulipoanza kuondoka.

Hiyo kazi ya kila asubuhi, ndugu, ndiyo tunayoitafuta katika mipango ya kaunti zetu na mara nyingi hatuioni. Utaona fungu la kununua vyombo, utaona fungu la semina ya wakubwa kwenye hoteli ya Naivasha, lakini cheo cha karani wa kulinganisha hesabu hakimo. Mtambo unanunuliwa, mpangilio wa kazi unabaki ule wa Munisipali.

Chukueni leseni ya biashara. Mwenye duka alikuwa aende dirisha la leseni, kisha kwa bwana afya, kisha kwa watu wa zimamoto, kisha kwa watu wa mabango akiwa ameandika jina la duka ukutani. Siku nne, nauli nne, na mahali pengine pakuhitaji soda. Kaunti kadhaa zimeunganisha haya yote katika kibali kimoja kinachoombwa na kulipiwa mara moja. Wananchi walifurahi, nao wana haki. Lakini kibali kimoja si jambo la kompyuta peke yake. Idara nne lazima zikubaliane nani anakagua lini, nani anapewa gari, na mapato yanaandikwa katika fungu la idara gani. Pasipo mapatano hayo, mwenye duka analipa kwa simu dakika mbili, halafu bwana afya anamjia na fomu yake ya zamani kana kwamba hakuna kilichotokea. Twawajua wenye maduka wa mjini waliopatwa na hayo, na anayetukanwa ni mfanyakazi mdogo aliyetumwa, si yule aliyekataa kukubaliana na mwenzake huko juu.

Msidhani ni sisi tu. Huko Uingereza kuna jiji la Birmingham, ambalo baraza lake ni miongoni mwa makubwa kabisa ya Ulaya. Mwezi wa Aprili 2022 walihama kutoka mtambo wao wa zamani wa hesabu na mishahara wakaingia katika mtambo mpya wa Oracle. Makadirio ya kwanza yalikuwa pauni milioni 19 hivi. Badala ya kubadili taratibu zao za kazi zilingane na mtambo, waliugeuza mtambo ulingane na taratibu zao, wakautia viraka mpaka ukashindwa hata kulinganisha hesabu za benki. Wafanyakazi wakarudia kufanya kwa mkono mambo ambayo kompyuta ilinunuliwa iyafanye. Gharama zikapita pauni milioni 100. Mnamo Septemba 2023 baraza lile likatangaza rasmi ya kwamba haliwezi kutimiza matumizi yake. Pamoja na mtambo, lilikuwa linadaiwa na wanawake wafanyakazi waliolipwa chini ya wanaume kwa kazi zenye thamani sawa. Tumeona tulitaje hilo la wanawake kwa sababu wengine hupenda kusimulia habari ya Birmingham wakaliruka.

Sasa tunafika mahali penye uzito hasa, na twaomba makarani wa ushuru, wa maegesho, wa stesheni ya mabasi na wa dirisha la hospitali msogee karibu.

Tuseme karani yuko sokoni, wachuuzi mia mbili. Saa nne neti inakatika. Mchuuzi analipa, simu yake inamwonyesha ujumbe wa malipo, chombo cha karani hakionyeshi kitu. Karani afanye nini? Akimwachilia mama apite, jioni mtambo utasema karani amekagua mia mbili na waliolipa ni mia moja na sitini. Akimzuia, mama atalipa mara mbili, na kesho atakuja na wenzake wamtukane. Tena chombo chaweza kuandika malipo yale yale mara mbili, kikasema pesa iliyotakiwa kuingia ni nyingi kuliko iliyoingia. Kwenye ripoti itaitwa "upungufu". Na neno upungufu likikaa kando ya jina la mtu, mtu huyo amekwisha kuwa mwizi kabla hajaulizwa.

Mkidhani twawatisha, sikilizeni habari ya Posta ya Uingereza. Mwaka 1999 Posta ile ilianza kutia katika matawi yake mtambo wa hesabu ulioitwa Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu. Matawi mengi huendeshwa na watu wadogo, mara nyingi mume na mke wenye duka kijijini. Mtambo ukaanza kuonyesha upungufu. Watu wakapiga simu kuomba msaada, na wengi wao waliambiwa, "Ni wewe peke yako mwenye shida hii." Mkataba ulisema upungufu ni juu ya mwendeshaji, basi wengine waliuza nyumba zao walipe pesa ambayo haikupotea kamwe. Kufikia mwaka 2015 watu zaidi ya 900 walikuwa wamehukumiwa kwa wizi na uongo wa hesabu. Baadhi yao walifungwa jela. Wako waliojiua.

Mmoja wa waliofukuzwa, Alan Bates, alikataa kunyamaza. Alitafuta wenzake, mmoja mmoja, mpaka wakawa watu 555 waliokwenda mahakamani pamoja. Desemba 2019 hakimu akaamua ya kwamba mtambo ulikuwa na kasoro za kweli zilizoweza kuleta upungufu wa uongo. Mwezi wa Mei 2024 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kufuta hukumu zile kwa pamoja. Na chama cha waendeshaji wale kilikuwa wapi? Kilikuwa kikipokea fedha za Posta, kikauamini mtambo kuliko wanachama wake. Hakimu mwenyewe aliona ya kwamba hakikuwa huru. Jambo hilo tumelisoma mara mbili katika kamati.

Hapa kwetu sheria imetupa kijiti cha kushika, nasi hatukitumii vya kutosha. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata upungufu wa fedha katika mshahara, lakini ni ule uliotokana na uzembe au udanganyifu wa mfanyakazi, tena mfanyakazi ambaye mkataba wake umetaja wazi ya kwamba amekabidhiwa kupokea na kutunza fedha. Neti iliyokatika si uzembe wa karani. Mtambo ulioandika mara mbili si udanganyifu wake. Kadhalika kifungu cha 41 chataka mtu asikilizwe kabla ya kufukuzwa kwa kosa, akiwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama kando yake. Basi mkiitwa juu ya upungufu, msitie saini karatasi yo yote ya kukubali "kulipa polepole". Mwambieni mkubwa kwa adabu: "Nitajibu nikiwa na mwakilishi wangu, na naomba kumbukumbu za mtambo za siku ile." Kila neti inapokatika andikeni saa na mahali katika daftari la kawaida, kwa kalamu. Kitabu kile cha shilingi hamsini chaweza kuwa wakili wenu.

Nyinyi akina mama, ule ujumbe wa malipo msiufute. Na tuwaulize wakubwa kwa niaba yenu: ile ada ya kutuma pesa kwa simu, anailipa nani? Ushuru wa siku ni mdogo. Ukiongeza ada ya kutuma kila siku, mwisho wa mwezi ni unga wa watoto. Pia mwenye simu ya mulika mwizi asilazimishwe kutafuta simu ya kioo. Namna ya kulipa kwa kubonyeza namba ipo, na itangazwe kwa Kiswahili katika ubao wa soko.

Jambo la makato. Kila mwezi hati ya mshahara, ambayo siku hizi wengi twaitazama kwa simu kwenye mtandao, yaonyesha umekatwa ya uzeeni, ya ushirika, ya chama, ya mkopo wa benki. Karatasi yasema imekatwa. Ukienda kwenye mfuko wa uzeeni waweza kuambiwa haijafika. Mfuko wa LAPFUND uliundwa mwaka 1960 kwa ajili ya watu wa mabaraza kama sisi, na madeni ya michango ambayo mabaraza, na baadaye kaunti kadhaa, hazikupeleka yamekuwa wimbo wa miaka mingi. Mzee anastaafu na meza ya ofisi anaipa kisogo, halafu anarudi kwenye ofisi ile ile miaka mitatu kuomba barua.

Sasa tunawauliza wenye mitambo: mashine yenu inaweza kujua ya kwamba karani alifika kazini saa mbili na dakika saba. Je, haiwezi kumwonyesha karani huyo tarehe ambayo makato yake ya mwezi uliopita yalifika kwenye mfuko, na namba ya malipo yake? Yaweza. Ni safu moja tu kwenye ile hati. Sheria yenyewe yataka makato yapelekwe kwa wakati, na mwajiri asiyeyapeleka amefanya kosa. Kwa maoni yetu hili ndilo dai la kwanza ambalo chama kilipeleke mezani, kabla ya yote, maana halihitaji mtambo mpya na litaonyesha mara moja kama dijitali ni ya kutazama watu wa chini tu au ni ya kutazamwa pande zote.

Kuna na wenzetu wanaolipwa nje ya mtambo wa mishahara, kwa orodha ya mkono. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti zimelalamika mara nyingi juu ya kaunti zinazolipa kwa njia hiyo, kwa sababu ni rahisi kuficha humo watu hewa. Twakubali. Lakini mfagiaji wa barabara aliyemo katika orodha ile si hewa; twamwona alfajiri. Aingizwe katika mtambo kwa jina lake, na kazi yake ihesabiwe. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira hakikubali mtu awe kibarua wa siku milele hali anafanya kazi ile ile mwezi baada ya mwezi.

Juu ya kidole. Wazee wa mashamba ya Bonde la Ufa hawapendi habari za alama za vidole, na wana sababu. Sheria ya kipande ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu ya kwanza, na kila mwanamume Mwafrika akavaa shingoni kasha lenye karatasi ya alama zake za vidole na jina la bwana wake. Bila saini ya bwana hukuhama kazi. Kile kisanduku cha ukutani si kipande, hatusemi hivyo. Lakini Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yataka mtu aambiwe kwa nini data zake zinachukuliwa, zitatumika kwa kazi gani, na nani atapewa. Na alama za mwilini imezitia katika kundi la data za kulindwa zaidi. Basi kabla ya kubonyeza, tuna haki ya kuuliza na kujibiwa kwa maandishi. Kompyuta ile iko wapi? Ni ya kaunti au ya mwenye mkataba? Mkataba ukiisha, vidole vyetu vinakwenda naye? Na kama ni suala la mahudhurio, mkuu wa idara naye abonyeze.

Sasa lile swali la kazi kupungua. Litakuja, tusijidanganye. Wachanaji tikiti hawatahitajika wengi kama zamani. Ila kazi nyingine hazina watu: wa kuandikisha upya vibanda na ploti, wa kumsaidia mzee asiyejua kubonyeza, wa kukagua choo cha soko ambacho ushuru unalipiwa nacho hakina maji, wa ile kazi ya kulinganisha hesabu tuliyoitaja. Mwaka 2023 wahudumu wa afya wa mitaani zaidi ya 100,000 nchini walipewa mikoba na simu za kuandikia habari za kaya wanazozitembelea. Ni watu wa kawaida, wengi wao akina mama wa makamo, nao wanajifunza. Nani atasema karani wa miaka ishirini kazini hawezi kujifunza?

Na ikifika mahali mwajiri asema lazima apunguze watu, si jambo la kuamka asubuhi ukakuta jina lako ubaoni. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira chataka chama na afisa wa kazi wapewe taarifa si chini ya mwezi mmoja mbele, pamoja na sababu na kadiri ya kupunguza. Kuchagua nani aondoke sharti kuangalie miaka ya kazi, ustadi, uwezo na uaminifu. Anayeondoka alipwe siku za likizo zilizobaki, notisi, na si chini ya mshahara wa siku kumi na tano kwa kila mwaka aliotimiza. Hayo ndiyo machache kabisa. Mapatano ya chama yaweza kuyapita. Tungependa zaidi yasifikiwe. Tungependa chama kiitwe wakati mtambo ungali mawazo, kabla zabuni haijatangazwa, kwa sababu karani ndiye ajuaye ya kwamba pale nyuma ya soko simu haishiki na ya kwamba saa kumi na moja alfajiri, malori ya viazi kutoka Molo yakifika, hakuna muda wa kusubiri ujumbe.

Makadirio ya fedha ya kaunti hayapiti bila wananchi kuitwa kutoa maoni. Katiba na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 zataka hivyo. Sisi nasi ni wananchi. Mara nyingi tunakwenda kwenye mikutano hiyo kupanga viti na kushika kipaza sauti, tusiseme neno.

Basi mambo ya kufanya. Katibu anayo karatasi mlangoni. Kila karani anayetumia chombo cha risiti aandike jina, kituo chake, na siku ambazo neti ilimkatikia mwezi huu. Wenye hati za mshahara na taarifa za mfuko wa uzeeni zisizolingana walete nakala Jumamosi saa nane. Msilete hati zenyewe, nakala zatosha. Vijana wawili wa tawi wamejitolea kuwafundisha wazee kufungua hati ya mshahara kwa simu, hapa hapa ukumbini, Jumatano baada ya kazi, bila malipo. Njoni na miwani zenu, na simu iwe na chaji, maana soketi ya ukumbi huu ni moja tu.